Cheti Nilichokirudisha

Vijana wa idara waliniomba ukurasa mmoja tu. Walitaka niwaandikie mtu anayeanza kazi ya mitandao na usalama wake asomee kozi gani, afanye mtihani upi mwanzo na upi baadaye. Sasa nimestaafu, nafasi ninayo, na nimeona ukurasa mmoja haunitoshi. Orodha ya vyeti mtaipata popote, na mwakani itakuwa imebadilika. Nitakachowaandikia ni namna nilivyochagua vibaya, kisha nikachagua vizuri kidogo. Mishahara na vyeo nimeviacha. Mishahara haikuwa ya kusimuliwa, na vyeo vilikuwa majina marefu ya kazi ile ile.

Sikuanzia kwenye kompyuta. Nilizaliwa Kibokoni, nikasoma Tononoka, nikajifunza kupiga taipu, nikapata kazi kwenye ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Siku ya kwanza nilikabidhiwa taipureta ambayo herufi ya “a” ilikuwa imekatika. Bila “a” hata jina la mji huu huwezi kuliandika. Karani mkuu aliniambia niibebe mpaka Barabara ya Biashara, kwa Bwana Taherali, na nisirudi bila herufi.

Bwana Taherali alikuwa Mhindi wa Kibohora, wa makamo, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu haikuwahi kuwa na doa, ingawa mikono yake ilikuwa na mafuta tangu asubuhi. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja. Niliiweka mashine juu ya meza, nikashika bisibisi iliyokuwa karibu ili nimsaidie kufungua kifuniko. Akainyang'anya taratibu, akanipa kalamu.

“Kwanza ichore ilivyo,” akasema. “Ukishaifungua hutakumbuka.”

“Mimi nimekuja kuileta tu, Bwana.”

“Na kesho ikiharibika nyingine utaileta tena. Chora.”

Nikachora. Nikawa nakwenda kila kitu kilipoharibika ofisini, halafu nikawa nakwenda hata visipoharibika. Ofisi yetu ilipoletewa kompyuta sita zilizounganishwa kwa waya mmoja mweusi uliopita nyuma ya meza zote, aliyeitwa kuzitengeneza alikuwa yeye, na aliyemshikia tochi nilikuwa mimi. Waya ule ulikuwa na vizibo viwili, kimoja kila mwisho. Kizibo kimoja kikitoka, kompyuta zote sita zinanyamaza kwa pamoja. Siku moja mhudumu wa chai alikigonga kwa ufagio, na makarani wakakaa nusu siku wakimlaumu mtengenezaji aliyeko ng'ambo. Mimi niliufuata ule waya kwa mkono, meza kwa meza, mpaka nikakikuta kile kizibo chini ya kabati. Nilikirudisha, skrini zikaamka. Siku hiyo ndiyo niliyojua ninataka kufanya kazi gani.

Miaka kadhaa baadaye nikaajiriwa kwenye hospitali moja ya binafsi hapa kisiwani, kuangalia kompyuta zao. Mwanzo zilikuwa chache, kisha zikawa kila wodi, kisha maabara, duka la dawa na chumba cha upasuaji vikaunganishwa, kisha simu za mezani nazo zikapitishwa kwenye waya huo huo. Ndipo hospitali ikaingia mkataba na kampuni ya bima ulioeleza kwamba msimamizi wa mtandao lazima awe na cheti kinachotambulika kimataifa. Mkurugenzi wetu wa utawala, Bi. Wakio, mwanamke wa Kitaita asiyerudia neno, aliniita.

“Una miezi mitatu,” akasema. “Ukikosa, sitakufukuza, lakini nitalazimika kumleta mtu juu yako.”

Hapo ndipo nilipochagua vibaya. Sikuuliza mtihani upi unafaa mtu wa kiwango changu. Niliuliza upi unatajwa zaidi kwenye matangazo ya kazi. Nikajiandikisha mtihani wa ngazi ya pili bila kupita ya kwanza, nikanunua kitabu kizito, nikakisoma jioni huku nikipika. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa ukurasa wa themanini na sikuwa nimeelewa tangu wa hamsini.

Mwadime, fundi wa kampuni iliyotuletea intaneti, alinikuta kantini nimekiinamia.

“Dada Rukia, utajiua bure,” akasema. Akatoa kijidiski kidogo mfukoni, akakiweka juu ya kitabu. “Maswali yote yamo humu, na majibu yake. Yale yale utakayoyakuta.”

“Huo si wizi?”

“Wa nani? Wewe wakariri tu. Kila mtu apita hapa.”

Nilikaa nacho siku mbili bila kukifungua. Ya tatu nikakifungua. Sitawapambia maneno: nilikariri maswali mia tatu na kitu kama nilivyokariri Kurani chuoni utotoni, kwa mdundo, bila kujua maana. Nikaingia mtihani, nikatoka mapema kuliko wote, nimepita kwa alama za juu. Mama yangu aligawa halua nyumba sita za mtaani. Bi. Wakio akakitundika cheti ukutani nyuma ya dawati langu, mwenyewe, kwa nyundo.

Mume wangu, Swaleh, ni seremala wa milango na makasha, mtu wa maneno machache. Jioni ile aliniuliza, “Mama Nasra, mbona umepita na huna furaha?” Nikamwambia kichwa chaniuma.

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka mzima. Kisha wauguzi wakaanza kulalamika. Kila walipohamisha kompyuta na kuichomeka mahali pengine, iliwachukua kama nusu dakika kuingia kwenye mtandao. Kwa muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa, nusu dakika ni nyingi. Nikatafuta dawa mtandaoni, nikakuta mtu ameandika kwamba kuna ulinzi fulani ndani ya swichi, lile sanduku linalounganisha nyaya zote, na kwamba ukiuzima, kompyuta zinaingia papo hapo. Nikauzima kwenye swichi zote za jengo. Kompyuta zikawa zinaingia papo hapo. Wauguzi wakaniletea keki.

Ule ulinzi kazi yake ni moja: kuzuia ujumbe usizunguke. Mtu akichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye swichi ile ile, ujumbe unatoka huku na kurudi kule, unajizidisha, mpaka mtandao wote unajaa kelele zake wenyewe na hakuna kinachopita. Ulinzi ukiwepo, swichi inaigundua hiyo njia na kuifunga. Zile sekunde thelathini ndizo za kukagua. Mimi nilikuwa nimewapa wauguzi sekunde zao na kuondoa mlango.

Asubuhi moja, wiki tatu baadaye, karani wa kliniki ya wajawazito aliamua kupanga meza yake. Aliona ncha ya waya inaning'inia, akaona tundu tupu kwenye swichi ndogo ya kliniki, akaichomeka kwa nia njema. Ncha ya pili ya waya huo ilikuwa imechomekwa tayari, pale pale. Mtandao wa hospitali nzima ukafa, na simu za mezani zikafa nao.

Mimi nilijua tu kwamba hakuna kitu kinachofanya kazi. Niliingia chumba cha mitambo, nikasimama mbele ya swichi, na akili ikanipa kitu kimoja: swali la mia na arubaini na kitu. Nililiona kabisa, na maneno yake, yakieleza dalili hizo hizo zilizokuwa mbele yangu. Nilikumbuka kwamba jibu lake ni D. Sikukumbuka D ilikuwa nini.

Wakati huo juu, kwenye chumba cha upasuaji, kulikuwa na mama aliyejifungua na damu haikatiki. Walishachukua sampuli. Maabara walishapata kundi la damu yake na kuliingiza kwenye kompyuta, lakini kwenye skrini ya juu hakikuonekana kitu. Walipiga simu, simu haikulia. Bwana Chengo, mkuu wa maabara, mtu mzito aliyekaribia kustaafu, aliandika matokeo kwenye karatasi, akazipanda ngazi ghorofa tatu kwa mbio na chupa za damu kwenye kikapu. Nilimwona akipita mlangoni kwangu. Alinitazama tu.

Nikampigia Bwana Taherali kwa simu ya mkononi. Alikuwa mzee sasa, duka amemwachia mwanawe, na swichi kama zile hakuwahi kuzigusa. Nilimweleza kwa haraka, nikachanganya mambo.

“Ngoja, ngoja,” akasema. “Taa zafanyani?”

“Zote zawaka na kuzima pamoja. Mbio mbio.”

“Zote?”

“Zote.”

“Basi kuna kitu chazunguka. Chomoa waya mmoja mmoja mpaka zitulie. Na kila uchomoapo, andika umechomoa upi.”

Nikachomoa na kuandika. Wa kumi na saba ulikuwa unakwenda kliniki ya wajawazito. Nilipouchomoa taa zikatulia, zikaanza kumeta kwa zamu kama kawaida. Nikarudisha zingine kumi na sita, nikashuka kliniki, nikaukuta ule waya. Tangu mtandao ufe ilikuwa saa moja na dakika arubaini.

Kabla sijaenda kokote nilipanda juu. Muuguzi aliyekuwa mlangoni aliniambia mama yu hai, amepata damu kwa wakati, na mtoto ni wa kike. Niliketi kwenye benchi la jamaa za wagonjwa. Bibi mmoja pale alidhani nami nina mgonjwa, akanipa maji, nikayanywa.

Alasiri kulikuwa na kikao. Bi. Wakio alisoma taarifa, akasema mbele ya wakuu wa idara zote kwamba tushukuru tuna mtaalamu mwenye cheti, kwani bila yeye tungekaa siku nzima. Watu wakapiga makofi. Bwana Chengo hakupiga.

Niliwasubiri watoke. Kisha nikafunga mlango.

“Bi. Wakio, mtandao niliuua mimi,” nikamwambia. Nikamweleza ule ulinzi, na keki, na yote. “Na cheti kile sikukipata kwa haki. Nilikariri maswali yaliyoibwa.”

Aliifunga taarifa iliyokuwa mbele yake. “Nani mwingine ajua?”

“Hakuna. Mume wangu nitamwambia leo.”

“Kwa nini waniambia mimi? Nilikuwa nimeshakusifu.”

“Ndiyo maana.”

Alivua miwani akaiweka mezani. Nilingojea aniambie nikusanye vitu vyangu. Badala yake aliuliza, “Wale waliotoa cheti wanajua?”

“Hapana.”

“Basi waandikie wewe, kabla sijawaandikia mimi. Kisha njoo nikuambie kama una kazi.”

Swaleh nilimweleza tukiwa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mama mzazi ni mzima kweli. Nikamwambia ni mzima. Akasema, “Basi andika barua.”

Niliandika barua ya kurasa mbili, kisha nikaifupisha ikawa mistari sita. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, baridi na la adabu: cheti kimefutwa, na nisifanye mtihani wao wowote kwa mwaka mmoja. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama, na nitawaambia ukweli, nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Mwaka mzima nilikuwa nikikaa na mgongo kwenye ile karatasi ukutani, nikiogopa kila aliyeniuliza swali. Sasa hakukuwa na cha kuogopa. Nilikishusha cheti nikawarudishia waliokitoa, nikachomoa msumari pia, nikaziba tundu kwa lipu.

Kazi nilibaki nayo, kwa sharti. Bi. Wakio alimleta mhandisi kutoka nje, kila Alhamisi, akague kila nilichokifanya wiki hiyo. Alikuwa kijana mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili. Alhamisi za mwanzo zilikuwa chungu. Za miezi ya mwisho nilikuwa nikizingojea na maswali yangu nimeyapanga.

Nyumbani nikaanza upya, ngazi ya kwanza, ile niliyoiruka. Nilipata swichi tatu kuukuu na ruta mbili zilizotupwa na ofisi moja iliyokuwa ikihama, nikaziweka chumba cha juu. Swaleh alizitazama zilivyorundikana sakafuni, akashindwa kuvumilia, akanitengenezea rafu ya mbao za mvule yenye nafasi ya hewa nyuma, kwa sababu chumvi ya hewa ya hapa inakula vyuma. Ndiyo rafu pekee ya mitambo niliyowahi kuiona yenye nakshi.

“Lakini chombo hiki chalia kama jini,” akasema nilipoziwasha.

“Ni feni.”

“Jini mwenye feni.”

Nilijifunza kwa kuharibu. Nilichomeka ncha mbili za waya mmoja makusudi, ulinzi nikiwa nimeuzima, nikaangalia taa zikichanganyikiwa. Kisha nikauwasha ulinzi, nikachomeka tena, nikaona swichi ikifunga ile njia yenyewe. Nilirudia mara nyingi sana, kama mtoto aliyepata swichi ya taa. Hiyo D mpaka leo nikiulizwa nitakueleza, bila herufi.

Mwaka ulipokwisha nilifanya mtihani wa ngazi ya kwanza. Nikaanguka, kwa alama chache. Jioni ile nilimwonyesha Swaleh ile karatasi ya matokeo, akashangaa kuniona nimetulia. Nilimwambia hizi ndizo maksi zangu za kwanza za kweli. Baada ya miezi miwili nikarudi, nikapita, si kwa alama za juu. Nilikipeleka cheti kwa Bwana Taherali, ambaye hadithi ya kile cheti cha kwanza nilishamsimulia. Akavaa miwani, akakisoma mstari kwa mstari mpaka maandishi madogo ya chini.

“Hiki chaisha baada ya miaka mitatu,” akasema.

“Vyote vyaisha siku hizi, Bwana.”

“Vizuri. Na elimu ingeandikwa hivyo.”

Sasa nije kwenye swali lenu, kwa maana nyinyi mna haraka. Anzeni na misingi ya mitandao kabla ya usalama. Hujui mlango uko wapi, utaulindaje? Chukua kwanza cheti kisichofungamana na vifaa vya kampuni moja, kisha kile cha vifaa mlivyo navyo kazini, si vile vinavyopendeza kwenye picha. Ukiweza kuchagua kati ya mtihani wa kuchagua herufi na mtihani unaokuweka mbele ya mtambo uliovunjika ukautengeneze, chagua wa pili, hata ukiwa na jina dogo. Na usifanye vitatu kwa mpigo. Nimemwona mtu akifanya hivyo; alipomaliza cha tatu, cha kwanza kilikuwa kimeshamtoka.

Niliwahi pia kwenda kozi ya usalama ya siku tano, kwenye hoteli ng'ambo ya daraja. Chakula kilikuwa kizuri sana. Mwalimu alituonyesha jinsi wadukuzi wanavyovaa kofia za koti. Nilirudi na cheti cha kuhudhuria, na cheti cha kuhudhuria ni ushahidi kwamba ulikula. Bi. Wakio alinipokea na swali ambalo nimelitumia tangu siku hiyo kuchagulia kila kozi: “Jumatatu utafanya nini ambacho Ijumaa iliyopita hukukiweza?” Mwaka uliofuata vijana wa idara walitaka twende wote kozi ya udukuzi halali, kwa sababu jina lake linapendeza. Niliwauliza swali lile lile. Tukaishia kwenye kozi ya kurejesha mifumo baada ya shambulio, kozi kavu isiyo na hadithi, ambayo mtihani wake ni saa nne na mashine iliyokufa. Mara mbili baada ya hapo mfumo wetu ulishambuliwa, na mara zote mbili wagonjwa hawakujua. Hizo kesi mbili sitazieleza. Zinachosha, na kuchosha ndiko kulikokuwa uzuri wake.

Miaka sita iliyopita tulitangaza nafasi ya msaidizi wangu. Nilikaa kwenye jopo na Bi. Wakio, ambaye naye alikuwa anakaribia kuondoka. Akaingia binti mmoja, Fauzia, wa Mwembe Tayari, amevaa buibui lililopigwa pasi vizuri, na bahasha yenye vyeti vinne. Alijibu maswali ya mwanzo haraka mno. Nilimwona akitazama juu kidogo kabla ya kila jibu, kama mtu anayesoma ukutani. Mimi nilizijua kuta hizo.

Nilimuuliza kuhusu ule ulinzi wa swichi. Akanijibu kwa sentensi kamili, neno kwa neno. Nikamwambia, “Nimeuzima kwenye jengo zima kwa sababu wauguzi wanalalamika. Nini kitatokea?”

Alitazama juu tena, akashusha macho kwenye bahasha yake. Kisha akasema, polepole, “Sijui, Bi. Rukia. Nilikariri.”

Bi. Wakio aliweka kalamu chini. Hakunitazama mimi, alitazama dirishani, na nilijua anakumbuka nini.

“Vyote vinne?” nikauliza.

“Viwili. Viwili nilisoma kweli.”

“Ni vipi hivyo ulivyosoma?”

Akanionyesha. Nikamwuliza kuhusu hivyo viwili, na hapo hakutazama ukuta tena. Aliomba karatasi, akachora. Alichora vibaya sehemu moja, akajisahihisha bila kuambiwa.

Alipotoka, mjumbe wa tatu wa jopo alisema huyu amejifukuza mwenyewe. Bi. Wakio akamwambia, “Wengine wanane waliopita humu leo, ni nani aliyesema sijui?” Tukampa nafasi ile, kwa sharti la kurudia mitihani miwili. Aliandika barua yake mwenyewe kwa waliotoa vyeti. Mimi nilimwonyesha mahali pa kuweka tarehe tu. Mwaka wa kwanza alikuwa akija nyumbani Jumamosi, anapanda chumba cha juu, na Swaleh akawa anamuuliza, “Leo mwaua mtambo gani?” Leo Fauzia ndiye mkuu wa idara yenu. Nimemwomba ruhusa kuyaandika haya. Alisema, “Andika, na jina usiliache.”

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Mlinipikia biriani, hotuba zikawa fupi, namshukuru Mungu kwa zote mbili. Saa tisa, watu wakiwa bado wanakunywa chai, nilimfuata Fauzia kwenye chumba cha mitambo. Utaratibu wetu, niliouandika mimi, unasema mtu anayeondoka afungiwe njia zake zote kwenye mfumo kabla hajatoka getini. Nilimkuta ameketi, mikono mapajani.

“Nitafunga kesho, Bi. Rukia,” akasema. “Naona haya kukufungia ukiwepo.”

“Mfumo haujui haya, mwanangu. Fanya.”

Alifuta jina langu kwenye seva, kisha kwenye swichi, kisha kwenye kamera, kisha kwenye zile akaunti za dharura ambazo ni mimi na yeye tu tulizijua. Alibadilisha maneno siri yote, akaigeuza skrini nisione. Alipomaliza nilivuta kiti, nikaandika jina langu na neno langu, vidole vikienda vyenyewe. Skrini ikanikataa. Nikajaribu njia ya nyuma, ile niliyoiacha kwa hali mbaya kabisa. Ikanikataa. Nilijaribu ya tatu, ambayo sikuwa na hakika kama nimewahi kumwambia. Nayo alikuwa ameiona na kuifunga.

Nilikaa pale nikiitazama ile skrini, na bega langu la kulia, ambalo kwa miaka limekuwa juu kidogo kuliko la kushoto, lilishuka. Watu elfu wangeweza kulazwa hospitali ile usiku na mchana, na mtandao ukifa, sitaitwa mimi. Na atakayeitwa atajua la kufanya.

“Umefanya vizuri,” nikamwambia.

Getini kadi yangu haikufungua. Askari mpya aliijaribu mara mbili, akaomba radhi, akasema mfumo haunitambui, kwa hiyo itabidi anitoe kama mgeni. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Alifungua daftari, akaandika jina langu na saa, kisha akafika kwenye nafasi ya mwisho, kalamu ikasimama.

“Niandike ulikuja kufanya nini, mama?”

Nilifikiri kidogo. Nje nilimwona Swaleh ameshafika, ameegemea ukuta na mfuko wa mihogo ya kukaanga kutoka kule kando ya bahari, Mama Ngina, ameshaanza kula bila mimi.

“Andika kazi,” nikamwambia. “Kisha andika amemaliza.”

Akaandika vyote viwili, akanifungulia geti kwa mkono.